Ambari Ilitoka, Miski Iliingia: Unguja katika Biashara ya Dawa za Harufu

Ukimuuliza muuza manukato wa soko la Darajani, Unguja, miski imetoka wapi, atakwambia Uarabuni. Wanaotembeza watalii Mji Mkongwe nao hurudia wimbo huohuo: udi, ambari, zabadi na miski vililetwa na Waarabu, Waunguja wakajifukiza. Kwa miski, maneno hayo yana nusu ya ukweli. Kwa ambari, biashara ilikwenda kinyume, na shahidi wake ni ofisa wa forodha wa Kichina ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika.

Ofisa huyo, Zhao Rugua, alisimamia biashara ya baharini katika bandari ya Quanzhou. Mwaka 1225 aliandika Zhufan zhi, kitabu cha nchi za kigeni, akitumia vitabu vya waliomtangulia na habari za wafanyabiashara. Humo imo nchi ya Cengba: iko kisiwani, watu wake wanafuata dini ya Waarabu, wanavaa nguo za pamba za buluu na viatu vyekundu vya ngozi, wanakula mikate na nyama ya kondoo. Vyombo vya Gujarati na Uarabuni huwapelekea vitambaa, kauri na shaba. Wao hutoa pembe za ndovu, dhahabu, sandali ya manjano na ambari.

Hapo ndipo wataalamu wanapovutana. Wapo wanaosema Cengba ni pwani yote ya Zanj, yaani Afrika Mashariki, kwa sababu Zhao anataja mlima mkubwa upande wa magharibi, na Unguja haina mlima wa kutajika. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halitoshi kuzamisha chombo: magharibi ya Unguja ni bara, na baharia anayesimulia safari zake hachori ramani. Upande wa kisiwa una vitu vya kushika mkononi. Huko Unguja Ukuu, mwanaakiolojia Abdurahman Juma alichimbua vigae vya kauri za China vilivyotangulia zama za Zhao kwa karne kadhaa. Mwaka 1945 huko Kajengwa, Makunduchi, zilifukuliwa sarafu za Kichina zaidi ya 170, nyingi za enzi ya Song. Sarafu hazisemi zililipia nini, lakini zinaonyesha mkondo wa biashara ulifika mpaka kusini ya kisiwa.

Al-Mas'udi, msafiri Mwarabu aliyeijua Qanbalu, kisiwa cha pwani hiyo, mwanzoni mwa karne ya 10, alikwisha andika kwamba ambari bora ni ya Bahari ya Zanj: ya mviringo, yenye ubuluu hafifu, mara nyingine kubwa kama yai la mbuni. Yeye alijua ina uhusiano na nyangumi. Zhao aliambiwa ni mate ya majoka yanayolala juu ya miamba, na kwamba ya kweli ikifukizwa, moshi wake hupanda ukakaa hewani hata ukaweza kukatwa kwa mkasi. Mnunuzi aliyepewa kipimo cha namna hiyo bila shaka alikuwa amekwisha uziwa bandia. 

Miski yenyewe haikupata kuwa ya Afrika. Hutoka kwenye tezi ya paa dume wa miski, mnyama wa milima ya Asia. Matabibu wa China waliipa daraja la juu tangu vitabu vyao vya kale: humzindua aliyepoteza fahamu kwa kiharusi au degedege, na husukuma damu iliyovilia penye jeraha. Tahadhari yao kubwa ilikuwa moja, na haijabadilika: mjamzito asiiguse, kwa kuwa huaminika kuchochea mimba kutoka. Tabibu Ibn Sina aliisifu kwa kuutia moyo nguvu, na huenda ni kwa njia hiyo ya utabibu wa Kiislamu, ikipitia Ghuba, ilivyoingia Unguja.

Kuna mnyama aliyeachwa nje ya simulizi hii. Porini Unguja na Pemba anaishi Viverricula indica, wa ukoo wa ngawa, ambaye kwao ni Asia, kuanzia India hadi kusini mwa China. Yupo pia Komoro na Madagaska. Hakuogelea, wataalamu wengi wanaona aliletwa kwa ajili ya zabadi yake. Huko China zabadi ya mnyama huyohuyo imetumika badala ya miski.

Bibi Salme, binti wa Sultani Seyyid Said wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 anaeleza aya zinavyoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa, mgonjwa akanywa. Kombe hilo lingali linanywewa, na wapo wanaotia miski pamoja na marashi. Matumizi mengine ni ya wanawake: miski twahara, baada ya hedhi, kwa kufuata hadithi iliyopokewa na Bi Aisha, nayo ni miongoni mwa mafunzo ya somo kwa mwari wake.

Hatari ya leo haimo katika hadithi wala katika kombe. Imo ndani ya chupa. Mwaka 1888 mkemia Albert Baur alitengeneza miski ya kwanza ya maabara, akiwa anashughulika na baruti. Moja ya jamii hiyo, miski ambreti, ilitiwa katika manukato kwa miongo mingi hadi ilipobainika kuwa hudhuru neva za panya na kuwasha ngozi inayopigwa na jua. Ulaya ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1995. Kiini cha miski ya asili, muskoni, kilitengwa mwaka 1906, na mkemia Leopold Ružička akaeleza muundo wake mwaka 1926.

Paa wa miski sasa analindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na tangu mwaka 1994 China imeruhusu miski ya maabara ndani ya dawa, ikiwa imepimwa. Chupa ya Darajani inauzwa kama manukato, si dawa. Na anayeitia ndani ya kombe la mjamzito hana njia ya kujua kama ametia muskoni, kemikali ya jamii ya Baur, au mafuta ya kuyeyushia tu.