Upepo wa Kusi na Swali la Mvua ya India

Mwezi wa Juni wavuvi wa Matsangoni na Uyombo, pwani ya Kenya, huvua ndani ya mwamba. Nje bahari imechafuka, kwa kuwa kusi imeshika. Watu wa pwani hii huuhesabu mwaka kwa pepo mbili: kaskazi, inayovuma Desemba hadi Machi, na kusi, inayoingia Aprili na kudumu hadi Septemba au zaidi. Baina yao huja matlai, na bahari hutulia. Mabaharia wa Uarabuni na Gujarati waliyajua majira haya kwa karne nyingi. Vasco da Gama alipong'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, rubani aliyepewa na mfalme wa mji alimfikisha karibu na Calicut tarehe 20 Mei.

Majira ya upepo, basi, hayakuwa siri. Kilichofichika ni mzigo wake: kusi inachukua maji kiasi gani, na inayatoa wapi.

Tuanze na chanzo cha upepo wenyewe. Kuanzia Aprili jua huelekea kaskazini, na nchi kavu ya Asia hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa iliyo juu yake hupanda, kanieneo hupungua, na hewa ya bahari za kusini huvutwa kwenda kujaza pengo. Ikishavuka ikweta, mzunguko wa dunia huipindisha kuelekea kulia, hata ile iliyotoka kusini-mashariki ikafika India ikitokea kusini-magharibi. Upepo mmoja huanzia upande wa Mauritius, ukapita kaskazini mwa Madagaska, Kenya na Somalia, kisha ukavuka Bahari ya Arabuni. Aliyesimama mahali pamoja, hata awe na vyombo bora namna gani, hupima kipande chake tu.

Waliolazimika kutazama mbali zaidi ya kipande chao walikuwa watawala wa kikoloni wa India. Mvua ilikosekana mwaka 1876, na mwaka uliofuata njaa ikaua mamilioni ya watu. Serikali ililaumu mbingu, ila wanahistoria wengi wanaona kwamba sera zake, zilizoacha nafaka iendelee kusafirishwa nje, zilizidisha vifo. Na ushahidi uko upande wao. Hata hivyo, balaa lile lilileta amri iliyoacha alama katika sayansi: Idara ya Hali ya Hewa ya India, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1875, itabiri mvua kabla ya msimu. Henry Blanford alianza kwa kuangalia theluji ya Himalaya. Gilbert Walker, mwanahisabati aliyeshika uongozi mwaka 1904, alikusanya takwimu za ng'ambo pia, na miongoni mwa dalili alizozitumia ilikuwamo mvua ya Zanzibar. Ilipozidi huko mwezi wa Mei, aliihesabu kuwa dalili ya upungufu India. Hesabu zake zilionyesha uhusiano, lakini hazikuonyesha sababu, na sababu isingepatikana bila kupima anga iliyo baina ya Zanzibar na Bombay.

Upimaji huo ulichelewa kwa nusu karne, kwa kuwa uligharimu kuliko uwezo wa dola moja. Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, uliofanyika kati ya 1959 na 1965, ulileta meli zaidi ya 40 kutoka nchi zaidi ya 10, zikiwamo za Marekani na Urusi ya Kisovieti, katika miaka ambayo mataifa hayo mawili yalielekezeana mabomu ya nyuklia. Mwaka 1963 kituo cha kimataifa cha hali ya hewa kilifunguliwa Bombay chini ya Colin Ramage wa Chuo Kikuu cha Hawaii, na vipimo vya bahari nzima vikaanza kuchorwa kwenye ramani moja.

Hapo ndipo pwani yetu ilipoingia katikati ya hadithi. Ndege za utafiti za Marekani zilikuwa zimekuta upepo mkali wa chini juu ya Bahari ya Arabuni, na mwaka 1966 wataalamu wa India, Joseph na Raman, walieleza mkondo wa namna hiyo juu ya rasi ya nchi yao. Mwaka huohuo John Findlater, Mwingereza, aliandika juu ya mkondo mkali unaovuka ikweta juu ya Kenya. Ushahidi wake ulitokana na maputo yaliyorushwa kutoka vituo vya Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, huku wapimaji wakiyafuata kwa darubini na kuandika pembe dakika kwa dakika. Makala ina jina la mwandishi mmoja. Kazi ile ya subira ilikuwa ya wengi, nao wanastahili kutajwa pamoja naye.

Mwaka 1969 Findlater aliviunganisha vipande. Ulikuwa mkondo mmoja, kitovu chake kikiwa kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mara nyingi ukienda kwa zaidi ya mita 25 kwa sekunde, yaani takriban kilomita 90 kwa saa. Kwa nini upite hapa na si katikati ya bahari? Kwa sababu nyanda za juu za Kenya na Ethiopia huuzuia usitawanyike magharibi, kama ukingo unavyoubana mto. Sehemu kubwa ya hewa ya chini inayovuka ikweta kwenda India hupita katika ukanda huu mwembamba. Na kwa kuwa hupita ukiambaa na pwani badala ya kuipiga uso kwa uso, hautui mzigo wake wote kwetu: mvua ya mwaka hufikia kilele mwezi wa Mei, kisha Julai na Agosti maji mengi hutupita juu ya vichwa.

Ugunduzi huo ulichochea mabishano. P. R. Pisharoty, akitumia vipimo vya msafara ule, alikuwa amesema mwaka 1965 kwamba maji mengi ya mvua ya India huvukizwa na Bahari ya Arabuni yenyewe. K. R. Saha alijibu mwaka 1970 kwamba mengi huvuka ikweta. Wote wawili walikuwa waangalifu. Matokeo yalitegemea sana ukingo wa magharibi wa eneo lililopimwa, yaani pwani ya Afrika, ambako vituo vilikuwa haba. Mwaka 1979 Jaribio la Pepo za Msimu, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, lilirudi kwenye bahari hiyo na ndege, meli na setilaiti. Miaka miwili baadaye Wafaransa Cadet na Reverdin, wakichunguza msimu wa mwaka 1975, walikadiria kwamba asilimia 70 ya mvuke ulioingia pwani ya magharibi ya India ulitoka kusini mwa ikweta, na asilimia 30 Bahari ya Arabuni. Ni makadirio ya msimu mmoja, lakini naona mizani iliinamia upande wa Saha.

Kisha swali likageuka: ni nini huibadilisha bahari hii mwaka hadi mwaka? Mwaka 2000 Julia Cole, pamoja na wenzake wakiwamo Tim McClanahan na Nyawira Muthiga wa Kenya, walichapisha kumbukumbu ya miaka 194 iliyosomwa katika oksijeni ya tumbawe la Malindi. Joto la bahari lilipanda na kushuka sambamba na Bahari ya Pasifiki, na juu ya hayo lilikuwa limeongezeka kwa hadi nyuzi 1.3 tangu mwanzo wa karne ya 19. Mwaka mmoja kabla yake, kundi la Saji lililofanya kazi Japani lilikuwa limetoa maelezo mengine: Bahari ya Hindi ina mtikisiko wake yenyewe, upande wa magharibi ukipata joto wakati wa mashariki unapoa. Bahari ya upande wetu ikipata joto, mvua huzidi; lakini mafuriko ya vuli ya 1997 katika Afrika Mashariki hayaamui kati ya maelezo hayo, maana El Niño, yaani joto la Pasifiki, na mtikisiko wa Bahari ya Hindi vyote vilikuwapo. Ya 1961 yanapima vizuri zaidi: yalikuja bila El Niño, na Ziwa Viktoria likapanda kwa zaidi ya mita moja.

Ili kuzitenganisha sababu hizo, Marekani, India, Japani na washirika wao walianza mwaka 2004 kutia maboya ya vipimo baharini katika mpango uitwao RAMA. Upande wa mashariki na katikati kazi ilikwenda vizuri. Upande wa magharibi uharamia wa pwani ya Somalia uliwafukuza mafundi, na kwa miaka mingi pengo kubwa la maboya lilibaki palepale ambapo kusi huvuma kwa nguvu zaidi.