Ng'ambo ya bwawa letu

Sasa niko likizo. Wauguzi watano tumechanga, tumepanga nyumba kijijini Plaka, kisiwa cha Krete, Ugiriki. Ina bwawa lake la kuogelea, eti!

Ila kila asubuhi nikitoka na chai yangu naiona Spinalonga, kisiwa kidogo chenye ngome ya karne ya 16. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 wagonjwa wa ukoma walifungiwa pale. Mwaka 1936 aliletwa mwanafunzi wa sheria, Epameinondas Remoundakis. Huyu hakukubali kufa kimya kimya. Aliunda chama cha wagonjwa, wakadai haki zao, wakapaka nyumba zao chokaa. Dawa za ukoma zilianza kupatikana miaka ya 1940, lakini kisiwa kilifungwa 1957 tu. Kama muuguzi, hilo limeniuma.

Wagonjwa wa mwisho walihamishiwa hospitali ya Athens. Padri alibaki mpaka 1962, akiwaombea marehemu.

Jana tulivuka kwa boti, dakika chache tu. Makaburi niliyoyaona hayana majina.

Mama, nisalimie wote hapo nyumbani. Picha zinakuja.