Maandalizi ya Ubatizo na Kipaimara katika Kanisa Anglikana

Maandalizi ya ubatizo na kipaimara ni kipindi cha mafundisho anachopitia mtu kabla ya kubatizwa na, baadaye, kuwekewa mikono na askofu. Mtoto mchanga hubatizwa kwa ahadi za wazazi na wasimamizi wake. Akifikia umri wa kujieleza, husimama mbele ya askofu na kuzithibitisha ahadi hizo kwa kinywa chake mwenyewe. Mtu mzima hufundishwa kwanza, kisha hubatizwa.

Msingi wa mafundisho ni katekisimu fupi ya Kitabu cha Sala cha 1662, iliyopangwa kwa maswali na majibu. Swali la kwanza humtaka mwanafunzi ataje jina lake, la pili amtaje aliyempa, na hapo ndipo anapokumbushwa ubatizo wake. Hufuata Imani ya Mitume, Amri Kumi, Sala ya Bwana na maelezo ya sakramenti. Afrika Mashariki kazi hii hubebwa hasa na makatekista, na ni haki kusema kwamba bila wao parishi nyingi zisingekuwa na wa kumpeleka kwa askofu. Katekista husoma swali, darasa hujibu kwa pamoja, kisha mmoja mmoja. Kukariri hakutoshi: huangaliwa pia kama mtu anahudhuria ibada na anaishi vipi na jirani zake.

Wamisionari wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), waliofanya kazi Zanzibar, Magila na Masasi, waliwapitisha watu wazima hatua kwa hatua, wakianza kama wasikilizaji, kisha wakatekumeni, yaani wanaoandaliwa kwa ubatizo. Wale wa CMS (Church Missionary Society) walisisitiza kusoma. Buganda, aliyetaka ubatizo alitarajiwa aweze kujisomea Injili. Masasi, Vincent Lucas, askofu tangu 1926, aliingiza mafundisho ya Kikristo ndani ya jando, ili kijana asilazimike kuchagua kati ya kanisa na ukoo wake. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kuliko kulipiga jando marufuku.

Padre hubatiza, na mtu akiwa hatarini kufa hata Mkristo wa kawaida anaweza kumbatiza. Kipaimara ni cha askofu peke yake, na jambo hili limewagharimu watu. Waganda watano wa kwanza wa CMS walibatizwa Machi 1882. Askofu James Hannington aliuawa Busoga 1885 akiwa njiani kwenda kwao. Mrithi wake, Henry Parker, alifariki 1888 kabla hajafika. Alfred Tucker ndiye aliyefika, mwishoni mwa 1890. Kabla ya hapo, Waanglikana waliochomwa moto Namugongo, Buganda, Juni 1886 kwa sababu ya Ukristo wao walikufa bila kuwekewa mikono, na hakuna anayethubutu kusema imani yao ilipungua. Kitabu cha Sala chenyewe kinamruhusu kushiriki Meza ya Bwana mtu aliye tayari na mwenye nia ya kupata kipaimara.

Leo pia ziara ya askofu ndiyo inayopanga kalenda ya darasa. Ikikaribia, vipindi huongezwa, na padre huwahoji watahiniwa kabla ya kuyapeleka majina. Baada ya ibada majina huandikwa katika daftari la parishi na vyeti hutolewa. Anayehamia parishi nyingine au kutaka ndoa ya kanisani kwa kawaida huulizwa cheti chake.