Jicho la Karibu: Wadudu, Vioo na Njia ya Misafara ya Tabora

Lenzi ya makro imeundwa kupiga picha ya kitu kidogo kwa ukubwa wake halisi: mdudu wa milimita 10 hutua kwenye kihisi cha kamera akiwa na milimita 10 zilezile, kipimo ambacho watengenezaji hukiandika 1:1. Magharibi mwa Tanzania chombo hiki kinafika mahali ambapo kuvitazama viumbe vidogo kuna historia ndefu kuliko kamera yenyewe. Kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, wadudu waliamua mambo mazito: mzigo ubebwe na nani, kambi ipigwe wapi, nani afike na nani azikwe njiani.

Wa kwanza katika hao ni mbung'o. Misitu ya miombo inayoizunguka Tabora ni makao yake, na ugonjwa wa nagana anaoueneza huua ng'ombe na farasi. Punda walikuwepo katika baadhi ya misafara, lakini wengi hawakuhimili. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya biashara nzima ya pembe, nguo na shanga iegemee mabega ya wapagazi, Wanyamwezi wakiwa mstari wa mbele, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke, walioondoka pwani Juni 1857, walifika Kazeh, kituo cha wafanyabiashara Waarabu katika eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Mwaka huohuo David Livingstone alichapisha London kitabu chake cha safari za kusini, na katika ukurasa wake wa jina akaweka mchoro wa mbung'o aliyekuzwa. Mtu aliyeijua Afrika kwa miguu aliona inafaa msomaji akutane na inzi huyo kwanza.

Kupiga picha kulianza vibaya kwenye njia hii. James Augustus Grant, aliyesafiri na Speke kuanzia 1860, alikuja na kamera na akapiga picha Zanzibar. Enzi hizo bamba la kioo lilipakwa dawa, likapigwa picha na kusafishwa kabla halijakauka, yote ndani ya hema dogo lenye giza. Safari ilipoingia Uzaramo, Speke aliona joto la hema hilo lingemuua mwenzake upesi, na kazi ya picha ikaachwa. Grant akashika penseli na rangi za maji. Hasara hiyo ilizaa faida: mchoraji hulazimika kukaa na jani au ua mpaka alielewe, na mimea aliyoikusanya Grant njiani ilitosha kuchapishwa katika kazi kubwa ya botania ya Jumuiya ya Linnean ya London kati ya 1872 na 1875.

Mwanazuoni aliyeitazama nchi ya Tabora kwa karibu zaidi katika karne hiyo alikuwa Mjerumani Richard Böhm. Yeye na wenzake, Emil Kaiser na Paul Reichard, waliweka kituo Kakoma na baadaye Igonda, kusini mwa Tabora, tangu 1880. Böhm alikuwa mtaalamu wa wanyama na mchoraji wa rangi za maji. Ndege mmoja mdogo mla nyuki, wa kijani na utosi wa kahawia, ana jina lake la kisayansi, *Merops boehmi*, tangu 1882. Mwaka uliofuata, kwenye Ziwa Tanganyika, aliona kitu ambacho wataalamu wa Ulaya hawakukitarajia katika maji baridi: konyeza wa ukubwa wa sarafu, mwili wake karibu wote maji na mwanga. Böhm alifariki Katanga mwaka 1884 kabla ya kutimiza miaka 30, na haiwezekani kuisoma habari yake bila kusikitika.

Lakini kiumbe aliyeifanya njia ya misafara ijulikane katika maabara za dunia ni papasi. Huyu ni kupe laini anayeishi katika nyufa za kuta za udongo, vumbi la sakafu na chini ya mikeka. Mchana hujificha. Usiku hutoka, hunyonya damu ya aliyelala kwa muda mfupi, kisha hurudi ufa wake kabla ya mapambazuko, na aliyeumwa huamka bila kumwona. Anaweza kukaa miaka bila chakula. Kwa jicho la karibu anashangaza: ana urefu wa sentimita moja hivi, rangi ya udongo, ngozi iliyokunjamana kama tende kavu na kujaa vinundu vidogo. Hana macho. Akitazamwa kutoka juu haonekani hata kichwa, kwa kuwa mdomo wake uko chini ya mwili. Ni lazima ageuzwe ili sehemu inayouma ionekane. Akiwa na njaa ni bapa, akishashiba huvimba mviringo.

Mahali pazuri kwake kuliko vibanda vya kambi za misafara hapakuwapo. Kila siku chache walikuja watu wapya, wakalala sakafuni kwa uchovu, wakaondoka alfajiri. Baadhi yao waliondoka na homa inayopanda siku kadhaa, inatulia, kisha inarudi tena na tena. Wenyeji wa njia na wapagazi walikuwa na jina la mdudu huyu na waliogopa kuumwa naye. Livingstone alikwisha kuandika habari za namna hiyo kutoka bonde la Zambezi. Maarifa hayo yalitangulia hadubini, na inafaa yahesabiwe kuwa mwanzo wa sayansi yenyewe.

Uthibitisho wa maabara kwamba papasi ndiye anayeieneza homa hiyo ulikuja kwa pande mbili. Upande wa Kongo, madaktari Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd walichunguza homa hiyo mwaka 1904 na 1905. Wote wawili waliambukizwa, na Dutton alikufa Kasongo Februari 1905, katika nchi ya Maniema iliyounganishwa na Tabora kwa biashara ya pembe kupitia Ujiji. Kimelea kikapewa jina lake, *Borrelia duttonii*. Mwaka huohuo daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, akikusanya papasi kutoka vituo vya njia za misafara. Alikuta kimelea chenye umbo la uzi uliosokotwa ndani ya papasi, na zaidi ya hapo akakikuta ndani ya mayai yao. Kwa hiyo kizazi kipya huzaliwa na ugonjwa tayari, na kibanda kilichohamwa kinaweza kubaki na hatari muda mrefu. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa mwepesi kuufuata: wasilale katika vibanda vya njiani wala kambi za zamani, wapige mahema mbali navyo.

Funza naye alisafiri kwa miguu ya watu. Alifika Angola mwaka 1872 kwa meli kutoka Brazili, akavuka bara kwa njia za biashara, na katika miaka ya 1890 alikuwa ameshafika pwani ya mashariki.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, misafara ya miguu ilififia na vibanda vyake vikaanguka. Mbung'o alibaki. Chini ya Waingereza kazi kubwa ya kumchunguza iliwekwa Shinyanga, kaskazini mwa Tabora, ikiongozwa na Charles Swynnerton, ambaye aina mojawapo ya mbung'o ina jina lake tangu 1923. Wasukuma wa Mtemi Makwaia walijitokeza kwa wingi kufyeka vichaka, na vijana wenye nyavu za mkono walipita porini wakikamata na kuhesabu inzi siku baada ya siku. Bila macho yao mepesi hakuna ramani ya mbung'o ambayo ingechorwa, ingawa majalada ya vitabu yana jina la mkuu wao tu. Swynnerton alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Alama ambayo watu hao walijifunza kuitambua bado inamfaa mpiga picha. Mbung'o akitua hukunja mabawa yake moja juu ya jingine kama makali ya mkasi yaliyofungwa, na mdomo wake huelekea mbele. Katikati ya bawa, mishipa huzingira sehemu yenye umbo la shoka, ambayo mainzi wengine hawana. Kwa jicho tupu shoka hilo ni vigumu kuliona. Kwa lenzi ya 1:1 linasomeka wazi.

Lenzi hizo zenyewe hazikuanza na wadudu. Mwaka 1955 Heinz Kilfitt alitoa Makro-Kilar ya milimita 40, iliyoweza kusogezwa karibu sana na kitu bila kuongezewa pete za kurefusha. Mwaka uliofuata Nikon ikatoa Micro-Nikkor ya milimita 50, kwa ajili ya kunakili maandishi ya Kijapani kwenye filamu ndogo, kwa kuwa herufi zao zina mistari mingi myembamba iliyopotea katika lenzi za kawaida. Wapenzi wa viumbe walizikuta baadaye na kuzichukua.

Anayeanza leo hukutana na makundi matatu: milimita 50 hadi 60, 90 hadi 105, na 150 hadi 180. Zote zinaweza kufikia 1:1. Tofauti inayohesabika ni nafasi inayobaki kati ya kioo cha mbele na mdudu, na hapo wengi hudanganyika, maana umbali unaoandikwa kwenye lenzi hupimwa kutoka kwenye kihisi. Lenzi ya milimita 100 iliyoandikwa sentimita 30 huacha takriban sentimita 14 tu mbele ya kioo. Ya milimita 60 huacha chini ya sentimita 10, na kivuli chake humfunika mdudu. Katika mkoa wa Tabora, ambao una chuo chake cha ufugaji nyuki na mizinga iliyotundikwa msituni, sentimita hizo si jambo dogo: nyuki wa Afrika hamvumilii anayesogeza kioo na pumzi mlangoni mwake. Lenzi ndefu za milimita 150 na kuendelea ni salama zaidi, ila ni nzito, ni ghali, na mtikiso wa mkono huonekana haraka.

Ukali wa picha nao una mpaka. Kwenye 1:1, hata tundu la lenzi likibanwa hadi f/11, sehemu iliyo wazi haizidi milimita moja na kidogo. Papasi mzima hawezi kuingia humo. Mpiga picha huchagua miguu ya mbele au vinundu vya mgongo. Fokasi ya kujiendesha husaidia kidogo, hivyo ni bora kuifunga na kusogeza mwili mbele na nyuma taratibu. Tundu lililobanwa huhitaji mwanga mwingi, na flashi ndogo iliyofunikwa kitambaa cheupe hufaa chini ya miti ya miombo. Asiye na fedha za lenzi mpya anaweza kuanza na pete za kurefusha, ambazo hazina kioo ndani, kwenye lenzi aliyonayo, au kununua lenzi ya zamani ya makro ya kuzungusha kwa mkono. Wadudu hawatambui umri wake.

Kwa nyuki, mbung'o na maua ya msitu wa Tabora, lenzi ya kwanza inayofaa ni ya milimita 90 hadi 105, na akiba inayobaki itumike kwa flashi.