Matairi ya pikipiki ya lami na vumbi: Jinsi ya kuchagua, kufunga na kupima upepo

Na Mwandishi Wetu

PIKIPIKI inayoondoka Morogoro mjini asubuhi kuelekea vijiji vya milima ya Uluguru hukutana na barabara za namna mbili kabla jua halijawa kali. Mwanzo ni lami, penye mabasi na malori. Baadaye ni udongo mwekundu, mawe na makorongo yaliyochimbwa na mvua za masika. Aliyeketi juu yake huenda ni afisa ugani, muuguzi mwenye boksi la chanjo, au mwalimu anayerejea kituo chake cha kazi.

Kati ya mtu huyo na ardhi kuna vipande viwili tu vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa unaokaribia kiganja cha mkono. Vipande hivyo ndivyo vinavyoshika breki, kukata kona na kubeba mzigo. Hata hivyo, wanunuzi wengi huchagua matairi kwa kuangalia sura na bei peke yake, kisha humwachia fundi wa kando ya barabara mambo mengine yote, ukiwamo upepo.

Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua matairi mapya ya pikipiki inayotumika kwenye lami na vumbi, namna yanavyofungwa, na jinsi ya kuyarekebisha ili yafae kwa safari iliyo mbele.

Pikipiki za namna mbili

Pikipiki za aina hii zilianza kupata umaarufu mkubwa duniani baada ya kampuni ya Yamaha ya Japani kuingiza sokoni DT-1 mwaka 1968. Mwaka 1980 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilifuata na R80 G/S, ambayo herufi zake mbili za mwisho husimama badala ya maneno ya Kijerumani yenye maana ya ardhi isiyo na barabara, na barabara. Katika Afrika Mashariki, watumishi wengi wa serikali na mashirika ya misaada wamezifahamu kupitia Honda XL 125 na Yamaha DT 125.

Zinatambulikana kwa shokapu ndefu, madigadi ya mbele yaliyoinuliwa na rimu za spoki. Nyingi zina gurudumu la mbele la inchi 21 na la nyuma la inchi 18 au 17. Gurudumu kubwa la mbele hupanda jiwe au kuvuka shimo kwa urahisi kuliko dogo.

Kashata na mifereji

Jambo la kwanza kuangalia katika tairi ni kashata, yaani vinundu vya mpira vinavyogusa ardhi, pamoja na mifereji inayovitenganisha. Watengenezaji wengi hueleza matairi ya pikipiki hizi kwa uwiano wa matumizi. Tairi la 90/10 limekusudiwa lami kwa asilimia 90 na vumbi kwa asilimia 10. Lile la 50/50 limegawanywa sawa kwa sawa.

Kashata ndefu zilizoachana huzama katika tope na mchanga, zikapata pa kushika, na nafasi baina yake husaidia kutema udongo. Lakini uzuri huo una gharama yake kwenye lami. Kwa kuwa kashata ni chache, mpira unaogusa barabara ni kidogo. Kashata ndefu pia hupinda pikipiki inapolala kwenye kona au inapofunga breki, hivyo dereva huhisi kama gurudumu linayumba. Juu ya lami iliyolowa, pikipiki hiyo huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Aidha, kashata hizo huisha upesi.

Tairi la kashata fupi zilizokaribiana huwa kinyume chake. Hutulia kwenye lami, hudumu na halina kelele, bali kwenye tope la mfinyanzi mifereji yake hujaa mara moja, likawa kama limepakwa mafuta.

Hakuna tairi moja linaloyaweza yote. Kwa sababu hiyo, mnunuzi anapaswa kujiuliza swali moja kwa uaminifu: katika mwezi mzima, kilomita zangu nyingi nazipita wapi, na kwa mwendo gani? Mkazi wa Dar es Salaam anayekwenda shambani mara mbili kwa mwezi hana sababu ya kufunga kashata za mashindano ya matopeni. Anayeishi kwenye milima ya Usambara na kupanda barabara za udongo kila siku ana haki ya kuzitafuta, mradi akumbuke kupunguza mwendo anapofika lami, hasa wakati wa mvua.

Wapo waendeshaji wa safari ndefu wanaochanganya, wakafunga mbele tairi lenye kashata zaidi na nyuma lenye kashata kiasi. Hoja yao ni kwamba gurudumu la nyuma likiteleza dereva huwa na nafasi ya kujirekebisha, ilhali la mbele likiteleza mara nyingi huanguka papo hapo. Mchanganyiko huo ufanywe pale tu watengenezaji wa matairi hayo wanapouruhusu.

Ubavu wa tairi unasema nini

Maandishi ya ubavuni si mapambo. Chukua mfano wa 120/80-18 62S. Namba 120 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 80 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 96. Namba 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 62 ni alama ya uzito, na maana yake ni kwamba tairi linaweza kubeba kilo 265. Herufi S ni mwendo wa juu ulioruhusiwa, kilomita 180 kwa saa.

Matairi mengine huandikwa kwa inchi. Tairi la 2.75-21 45P lina upana wa inchi 2.75, ni la rimu ya inchi 21, hubeba kilo 165, na mwendo wake wa mwisho ni kilomita 150 kwa saa.

Alama ya uzito ndiyo inayosahauliwa zaidi, wakati katika nchi zetu pikipiki hubeba abiria, gunia na wakati mwingine vyote viwili. Tairi jipya lisiwe na alama iliyo chini ya ile iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki.

Vilevile, tairi pana kuliko lililopendekezwa si lazima liwe bora. Linaweza kugusa cheni au uma wa nyuma, hasa likijaa tope, na kubadili namna pikipiki inavyolala kwenye kona.

Maandishi TT humaanisha tairi la kutumia tyubu, na TL lisilohitaji tyubu. Rimu nyingi za spoki hupitisha upepo kwenye matundu ya spoki, hivyo huhitaji tyubu hata kama tairi ni TL. Kila tairi jipya lifungwe na tyubu mpya, kwa kuwa tyubu ya zamani huwa imetanuka na inaweza kujikunja ndani.

Umri wa tairi

Tairi lililokaa dukani miaka mingi linaweza kung'aa kama jipya ilhali mpira wake umekwisha kukakamaa. Mnunuzi atafute ubavuni kundi la herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 1423 ni wiki ya 14 ya mwaka 2023. Mfumo huu wa tarakimu nne ulianza kutumika mwaka 2000.

Aangalie pia nyufa ndogo ubavuni na katika mizizi ya kashata. Tairi lililoanikwa juani mbele ya duka kwa muda mrefu, au lililofungwa likakunjika, si la kununua hata likishushwa bei.

Kufunga bila kuharibu

Kazi ya kufunga inaweza kufanywa kwa vyuma viwili au vitatu vya kutolea tairi, maji ya sabuni na subira. Nguvu nyingi ni dalili kwamba kuna kosa.

Siri iko katika bonde la katikati ya rimu. Ukingo wa tairi una waya za chuma ambazo hazitanuki. Ili upande mmoja uvuke mdomo wa rimu, upande unaoukabili lazima uwe umesukumwa chini katika bonde hilo. Fundi anayejua hukandamiza upande wa pili kwa goti, na mikono yake haihitaji kupambana. Asiyejua huongeza urefu wa chuma, akatoboa tyubu au kupinda rimu.

Kabla ya kuingiza tyubu, utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoki ukaguliwe, kwa maana kichwa kimoja kilichochomoza kinatosha kuleta pancha. Tyubu ijazwe upepo kidogo tu ili iwe na umbo la duara, na sehemu ya mwisho ya tairi kuingia iwe pale penye valvu.

Mshale wa ubavuni huonyesha mwelekeo wa kuzunguka na lazima ufuatwe. Endapo tairi lina doa la rangi linaloonyesha sehemu nyepesi, doa hilo hukaa pale penye valvu, kwa kuwa valvu huongeza uzito.

Kisha tairi lijazwe upepo hadi ukingo ukae vizuri, bila kupita kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni. Karibu na rimu kuna mstari mwembamba uliozunguka tairi. Mstari huo ukiwa na umbali sawa kutoka kwenye rimu pande zote, tairi limekaa sawa. Ukizama mahali pamoja, upepo utolewe, ukingo upakwe sabuni, na kazi ianze tena.

Nati ya valvu isikazwe hadi kwenye rimu. Iachwe juu, karibu na kifuniko. Tairi likihama kwenye rimu, valvu italala upande na dereva ataona mapema. Nati ikiwa imekazwa, valvu hung'oka bila onyo.

Wakati wa kurudisha gurudumu la nyuma, cheni irekebishwe kwa kipimo cha kitabu, alama za pande zote mbili za ekseli zilingane, na katika breki za drumu, mkono unaoshikilia bamba la breki ufungwe imara. Mkono huo ukisahauliwa, bamba zima linaweza kuzunguka pamoja na gurudumu breki inapokanyagwa.

Upepo ni nusu ya tairi

Tairi zuri lenye upepo usiofaa ni tairi baya. Kipimo sahihi ni kile cha kitabu cha pikipiki, na hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Kwa pikipiki nyingi nyepesi za aina hii, kiwango cha lami huwa kati ya PSI 21 na 33, ambapo tairi la nyuma huhitaji zaidi, na zaidi tena likibeba abiria.

Upepo ukipungua, ubavu hupinda na kunyooka katika kila mzunguko. Kupinda huko huzalisha joto, na joto ni adui wa mpira na tyubu. Upepo ukizidi, katikati ya tairi ndipo panapogusa barabara peke yake, hivyo tairi huisha katikati na breki hupungua nguvu. Kupima kwa kubonyeza kidole hakusaidii, na kipima upepo kidogo cha mfukoni ni chombo cha lazima.

Vumbini hesabu hubadilika. Upepo ukipunguzwa, tairi hujitandaza, likaongeza urefu wa sehemu inayogusa ardhi, na pikipiki huelea juu ya mchanga badala ya kuchimba. Waendeshaji wengi hushuka hadi kati ya PSI 15 na 18. Chini ya hapo, jiwe linaweza kuibana tyubu dhidi ya rimu na kuitoboa matundu mawili, au tairi likahama kwenye rimu isiyo na bolti maalumu ya kulishikilia. Penye mawe makali, ni heri kuacha upepo ukiwa juu kidogo.

Anayepunguza upepo lazima awe na pampu, na aurudishe kabla ya kuingia lami. Kusahau kufanya hivyo ndiko kunakogeuza ujuzi kuwa ajali.

Kilomita za kwanza

Tairi jipya huwa na utelezi juu yake. Kwa takriban kilomita 160 za mwanzo, dereva aepuke kulaza pikipiki sana, kufunga breki ghafla na kuondoka kwa kasi. Baada ya safari ya kwanza, apime upepo tena na kukaza spoki zilizolegea.

Kutoka hapo, ukaguzi wa mara kwa mara hauchukui dakika tano: upepo, misumari, nyufa na kina cha kashata. Matairi mengi yana vinundu vidogo ndani ya mifereji, vilivyoonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI. Kashata zikilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha, hata kama bado linazunguka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayeahirisha kununua tairi kwa sababu ya bei hupaswa kukumbuka kwamba lile lililo kipara halimsubiri apate fedha. Litamwangusha siku ambayo mvua imenyesha, abiria yuko nyuma, na lori linakuja mbele.