Nyumba ya Bwana Boma: Kiwanja ni cha Nani?

Juma hili neno letu linatoka 1 Wafalme sura ya 21, habari ya shamba la Nabothi. Kabla ya kufika Yezreeli, twende kwanza Mpala, kando ya ziwa Tanganika, kati ya Kalemie na Moba. Pale palijengwa nyumba ambayo habari zake zinatufundisha jambo lile lile.

Mwaka 1876 mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliunda Shirika la Kimataifa la Afrika. Alisema linatafuta elimu na kukomesha biashara ya watumwa. Mjumbe wake, Émile Storms, alikuwa afisa wa jeshi. Alitoka pwani ya mashariki, akapita Karema, ng'ambo ya ziwa, na mwezi wa Mei 1883 akaanza kujenga karibu na mahali mto Lufuko unapoingia ziwani. Mfalme wa pale, jina lake Mpala, alimpokea, wakafanya udugu wa damu. Kwa desturi yetu, mgeni hupewa mahali pa kukaa, lakini ukaribisho haumfanyi kuwa mwenye nchi.

Nyumba ile ilikuwa boma, yenye kuta, askari na bunduki. Ndiyo sababu watu walimwita Storms Bwana Boma. Milimani alikaa mfalme mwingine wa Watabwa, Lusinga. Naye hakuwa mtu safi, maana aliuza watu utumwani. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walikishambulia kijiji chake, wakamwua, wakamkata kichwa. Storms alikichukua kichwa kile mpaka Ubelgiji, pamoja na sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga. Sanamu iko katika jumba la makumbusho la Tervuren. Fuvu lilipelekwa katika taasisi ya sayansi mjini Bruxelles, likawekwa pamoja na mifupa mingine.

Sasa tufuate wenye nyumba. Mwaka 1885 Leopold aliona faida yake iko kwenye mto Kongo, akawaachia Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie vituo vya Mpala na Karema. Boma likawa misheni. Mwaka 1887 akafika Léopold Joubert, aliyekuwa zamani askari wa Papa. Alishika silaha kuwalinda watu wasikamatwe na wafanya biashara ya watumwa, akaoa mwanamke wa nchi hii, Agnes Atakao, akakaa kwetu mpaka kufa kwake mwaka 1927. Hatuwezi kumweka mizani moja na Storms. Hata hivyo angalieni: nyumba ilitoka mkono wa askari, ikaingia mkono wa watumishi wa dini, na neno la kuipokeza lilitoka Ulaya. Wenye nchi hawakuwa wa kuamua.

Ahabu naye alipata shamba kwa barua zenye muhuri. Yezebeli aliziandika, wazee wakatii, mashahidi wakasema uongo, Nabothi akapigwa mawe. Mbele ya watu kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo Bwana akamtuma Eliya kumwuliza Ahabu kama ameua na kurithi pia. Muhuri wa mfalme haukufunika damu.

Mwaka 2022 sanamu ya Storms iliondolewa katika uwanja mmoja wa Bruxelles. Zaidi ya miaka 130 ilikuwa imepita tangu kifo cha Lusinga. Wanadamu husahau upesi, lakini Mungu hasahau.

Wapendwa, vita vimewakimbiza ndugu zetu wengi, na viwanja vyao vinauzwa nyuma yao. Kanisa likitafuta parseli ya kujenga, tusiridhike na karatasi za kadasta peke yake. Tuulize majirani. Tumwulize mjane. Tuulize ni nani alikaa hapa, na aliondoka namna gani. Kama alifukuzwa kwa bunduki, tusinunue, hata bei ikiwa ndogo. Na kama tumekwisha kununua, tumtafute mwenyewe, tukae naye, tutengeneze. Nyumba ya sala isisimame juu ya machozi ya Nabothi.

Mungu awabariki.