Ubaini wa Ndege, si Utambulisho

Bango lilibandikwa kwenye ukuta wa mabati wa duka moja Kakuma, nalo lilisema hivi: Mafunzo ya Utambulisho wa Ndege, Jumamosi, saa 12 asubuhi, wote mnakaribishwa. Nilikuwa nimeombwa nitembee na kundi hilo kando ya Tarach, laga yaani mto wa msimu, tukitazama ndege na miti, kazi ninayoifanya kwa mapenzi tu tangu nilipohamia Lodwar kufundisha. Nilitarajia vijana wanane. Walikuja watu zaidi ya thelathini, na wengi walishika bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na vitambulisho, manifesti za familia, picha za pasipoti. Mama mmoja Mkongo, kitenge kimenyooka kama cha kuendea kanisani, alinisogelea akauliza kwa upole: "Mwalimu, hiyo ndege inaondoka saa ngapi?"

Sikucheka. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na wapo waliozaliwa humo ambao leo wana watoto wao. Kwa wengi wao ndege ni chombo kinachowabeba wenye bahati kwenda kuanza maisha ng'ambo, na utambulisho ndio mlango wa chombo hicho. Bango walilisoma sawasawa kabisa. Aliyekosea ni aliyeliandika, na nyuma yake, vikao vya istilahi vilivyompa neno lisilofaa akadhani ni Kiswahili sanifu.

Tazama kwanza ule "wa". Laiti bango lingesema "ndege hawa" au "ndege hizi", msomaji angejua mara moja kama ni wenye manyoya au wenye injini. Lakini "wa" ile ni ya utambulisho, haimhusu ndege hata kidogo, na ngeli yake ikafichika. Hilo ni kosa la bahati mbaya, nalisamehe. Utambulisho wenyewe siusamehi.

Kitenzi ni tambua, na zamani kilikuwa na l: tambula. L hiyo imemezwa, kama ilivyomezwa katika chukua, lakini hurudi mara tu kitenzi kinaponyambuliwa: chukulia, tambulia, tambulisha. Na tambulisha ni kumfanya mtu atambuliwe na mwingine. Bwana harusi hutambulishwa kwa wakwe. Mgeni hutambulishwa ibadani, akasimama akapunga mkono. Serikali nayo hutaka raia ajitambulishe, ndiyo maana tuna kitambulisho, ambacho wazee wetu bado hukiita kipande kwa kukumbuka kile cha mkoloni kilichoning'inizwa shingoni. Popote lilipo neno hili pana mtu wa tatu, anayeonyeshwa. Sasa mimi nikiwa peke yangu chini ya mkoma huko Turkwel, darubini mkononi, namtambulisha nani kwa nani?

Wapo waliokwisha kuliona tatizo hili wakakimbilia utambuzi. Namjua mmoja wao, ni msomi wa kweli na tumekula samaki wa ziwani pamoja, lakini hapa alipotea. Utambuzi kwanza una kazi nyingine: wanasaikolojia na wanaisimu wameuchukua kwa shughuli za akili. Pili, na hili ndilo zito, mtu hutambua alichokwisha kukijua. Nikikutana na mjomba sokoni Lodwar namtambua kwa kukohoa kwake tu. Lakini ndege ambaye sijapata kumwona maishani nitamtambuaje? Kazi yangu ni kumtenga na wenzake wanaofanana naye, mmoja baada ya mwingine, mpaka abaki yeye.

Kwa kazi hiyo Kiswahili kina kubaini. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa herufi tatu, b, y na n, na umetuzalia ukoo mzima: baina, bayana, bainisha, bainika. Uzuri wa mzizi huu ni kwamba huko kwao unabeba maana mbili zinazoonekana kugombana: kuwa wazi na kutengana. Kitu huwa wazi kinapotengwa na jirani yake. Baina ya hiki na kile pana mwanya, na mwenye kuuona huo mwanya ndiye aliyebaini. Sijui neno lolote, katika lugha ninazozisoma, linaloieleza kazi ya mtazamaji wa viumbe kwa usahihi kama huu.

Kutoka kubaini napendekeza ubaini na mbaini. Sikuyaokota njiani. Kutabiri kumetupa utabiri, kuhariri kumetupa uhariri na mhariri, kusafiri kumetupa usafiri na msafiri. Mlango umekuwa wazi karne nyingi. Mimi nimepita tu. Niliwahi kulipeleka neno hili kwenye warsha moja, kwa maandishi, kurasa sita. Mjumbe mmoja alisoma kichwa cha waraka akauliza kama nimekuja kuuza ubani. Ukumbi ukaangua kicheko, hoja ikazikwa papo hapo, na hata mkono wa ubani sikupewa. Kumbukumbu za kikao ziliandika kwamba neno "halijazoeleka". Kana kwamba neno "spishi" lilizaliwa likiwa limezoeleka!

Mwenye shaka aje Tarach. Kwenye ukingo wa laga ile imesimama miti miwili ambayo mpita njia huiona mmoja: yote ina vijani vidogo vidogo vya unyoya, yote ina miiba. Mmoja ni mgunga ambao Waturkana huuita ewoi. Wa pili ni mathenge, etirae, mgeni kutoka Amerika aliyepandwa Turkana miaka ya 1980 ili ashike udongo na kutoa kuni, naye akashika kila kitu. Kata kitawi cha kila mmoja, uviweke kiganjani. Ewoi ana miiba ya namna mbili, mirefu myeupe iliyonyooka na mifupi iliyopinda kama kulabu. Mathenge hana kulabu. Ua la ewoi ni kitufe cheupe, la mathenge ni mkia wa njano. Tunda la ewoi, ng'itit, limejisokota kama kamani ya saa, na mbuzi hulikimbilia. La mathenge limenyooka au limepinda kidogo tu. Huo ndio ubaini, na hakuna kitambulisho kilichoonyeshwa. Kitabu cha Henk Beentje cha miti ya Kenya, cha mwaka 1994, hukuendesha kwa mtindo huohuo: unapewa njia mbili, unachagua moja, unapewa mbili nyingine. Wataalamu wenyewe, baada ya mkutano wa Vienna wa mwaka 2005, waliuachia mgunga wa Australia jina la Acacia na ewoi wetu akawa Vachellia. Kwa mchungaji wa Lodwar aliendelea kuwa ewoi, na wala hakuitiwa warsha.

Kuhusu matumizi: mtu hubaini mti, hufanya ubaini wa ndege, huitwa mbaini, na kitabu chake ni ufunguo wa ubaini. Yatosha.

Atasema mtu kwamba ubaini wa ndege nao unaficha ngeli vilevile. Kweli, unaficha. Lakini hakuna atakayekuja na bahasha.

Asubuhi ile nilieleza kwamba hakuna safari, na zaidi ya nusu wakarudi nyumbani bila neno. Yule mama alibaki, bahasha kaikunja kwapani. Tulipofika kwenye kona ya laga kunguru wawili walipita juu yetu, weusi tii wote wawili, na vijana wakasema kwa pamoja: kunguru. Mama alikinga jua kwa kiganja, akawafuata kwa macho mpaka mtu angedhani ameona kitu kingine.

"Huyu wa nyuma," alisema, "mkia wake umekatika."

Haukuwa umekatika. Alikuwa kunguru wa majabali, Corvus rhipidurus, ambaye mkia wake ni mfupi hivi kwamba akiruka huonekana ni mabawa matupu, na yule wa mbele alikuwa wa aina nyingine. Nilimwomba arudie, vijana wasikie.